Kadi Chini ya Mlango

Mimi sijui kukaa. Mama yangu alikuwa akiniita kiguu na njia kabla sijaanza shule, na posta ya Duluth ikanilipa mshahara miaka thelathini na mmoja kwa ugonjwa huohuo: begi begani, theluji magotini, milango mia nne na kumi na mbili kila siku isipokuwa Jumapili. Kwa hiyo binti yangu Colleen aliponileta hapa Quintana Wells, kijiji cha wazee katika jangwa la Arizona, akasema, "Mama, sasa utapumzika," nilimtazama tu. Kupumzika ni kazi ya watu waliochoka.

Sikatai, pana raha zake. Hapa haingii mtu ambaye hajatimiza miaka hamsini na mitano, na mjukuu akija kulala anahesabiwa siku. Kila mtu ana nyumba yake ndogo, jiko lake, ufunguo wake na kigari chake cha umeme. Kuna bwawa, kwaya, dansi ya Ijumaa, na karakana ambako wanaume waliostaafu wanajikata vidole. Hakuna anayekupikia wala kukuamsha. Hilo ndilo jambo lenyewe: unaishi mwenyewe. Siku utakapoonekana huwezi tena, unavushwa barabara mpaka lile jengo la ghorofa mbili lenye mapazia ya kijani. Kwenye karatasi linaitwa Bustani. Sisi tunaliita Ng'ambo, na tunapolitaja tunashusha sauti.

Kinachotutenga na Ng'ambo ni kadi. Ni kadi ya plastiki ya manjano yenye picha ya jua. Kabla ya kulala unaitundika nje kwenye kitasa cha mlango, na ukiamka unaiingiza ndani. Saa tatu kamili asubuhi Yesenia, msimamizi wa zamu, anapita na kigari chake. Asipoiona kadi, anajua u mzima, anaweka alama na kwenda zake. Akiikuta bado inaning'inia, anabisha, na usipojibu anafungua kwa ufunguo wake. Ukikutwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja, unaitwa na meneja, Bwana Ladwig, kwa kile anachokiita maongezi. Sijamwona mtu aliyetoka kwenye maongezi yale akabaki na jiko lake.

Orville Tansey wa namba ishirini na saba alikuwa ameshakutwa mara mbili, Januari na Februari. Alikuwa fundi wa mabasi ya shule huko Nebraska, ana miaka themanini na mbili, goti moja la chuma na masikio mawili ya betri. Anaishi mlango wa tatu kutoka kwangu. Mkewe alifariki mwaka waliohamia, na tangu hapo ana kazi moja tu ya kudumu: kila Alhamisi saa tatu asubuhi anakaa karakana, anatengeneza taa na saa na vibaniko vya mkate vya kijiji kizima, bure.

Mwezi wa Machi, siku moja, nilikuwa narudi kutoka matembezini saa kumi na mbili na dakika ishirini. Mimi hutoka saa kumi na nusu alfajiri, naingiza kadi yangu ndani, nashika njia ya korongo kavu nyuma ya uzio kabla jua halijaanza ukatili wake. Nikaona kadi ya Orville bado iko nje. Nikajiambia, huyu keshasahau tena, na ya tatu hii ndiyo inayomvusha barabara. Nikaichomoa, nikainama, nikaisukuma chini ya mlango. Mkono wangu ulifurahi. Ni muda mrefu ulikuwa haujapeleka kitu kwa mtu.

Kesho yake nikaikuta tena. Na keshokutwa. Kila siku iliyoumbwa na Mungu, kadi iko nje. Nilimhurumia hadi nikasikia uchungu: mtu anayejua injini ya basi kwa kuisikiliza tu, sasa anashindwa kukumbuka kipande cha plastiki. Sikumwambia, maana mwanaume huwezi kumwambia jambo kama hilo akaendelea kukutazama usoni. Niliapa tu kwamba maadamu miguu yangu inatembea, Orville hataiona Ng'ambo.

Naye wala hakuwa na wasiwasi. Alinikuta siku moja namwagilia mimea yangu, akasimamisha kigari.

"Posta," akasema, maana hajawahi kuniita Bernadette, "hivi huko gizani unaendaga wapi?"

"Kokote ambako hakuna wa kuniuliza naenda wapi."

"Nauliza tu. Nyoka wakikumaliza, nijue pa kuokota mifupa."

"Na goti hilo utaokota nini wewe?"

"Nitaizoa na kigari. Haya, nichoree."

Nikamchorea nyuma ya bahasha, na saa zake pembeni: lango la nyuma, korongo, ule mti mkubwa wenye shina la kijani, kurudi. Akaikunja, akaenda kuibandika kwenye friji yake kwa sumaku. Nikadhani ni utani wa wazee.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Juni, na redio ilishasema joto litavunja rekodi. Nilirudi saa yangu ileile. Nikafika kwa Orville, nikaichomoa kadi, na simu ikalia. Colleen. Yeye yuko Pittsburgh, kwake kulikuwa kumeshakucha zamani, na akiwa kazini hupiga bila kuangalia saa ya mwenzake.

"Mama, mbona jana hukupiga? Tulipatana jana."

"Jana si tumeongea?"

"Tumeongea juzi, mama."

"Basi juzi. Umekuwa karani wa simu zangu?"

"Mama, usikasirike. Nataka tu kujua kama uko sawa."

"Nilikuwa sawa mpaka ulipopiga."

Nikakata. Kuulizwa kama uko sawa mara nne kwa wiki kunamchosha mtu kuliko maili sita za kutembea. Nikaondoka pale mlangoni nimevimba, nikaingia nyumbani, nikavaa vazi la kuogelea ndani ya kaptura yangu ileile, nikaenda bwawani kwa mazoezi ya majini ya Jumatano.

Lango la bwawa lilikuwa limefungwa. Ndani kulikuwa na mfanyakazi mmoja tu wa kampuni ya usafi, mtu mzima, anachota majani kwa wavu.

"Leo Alhamisi, Bi Bernadette. Alhamisi tunasafisha."

"Najua ni Alhamisi," nikasema. "Nimekuja kuona kama mnasafisha kweli."

Akacheka, nami nikacheka. Lakini sikutaka anione nageuka papo hapo kama mtu aliyepotea, kwa hiyo nikazunguka. Nikapita maktaba, nikasoma gazeti ambalo sikuelewa hata kichwa chake cha habari. Nikapita uwanja wa tenisi, nikawatazama watu wakigombania mstari. Nilisikia kama kuna kitu nimekiacha jikoni kinaungua. Saa tatu na nusu nikajiambia, kama ni Alhamisi, basi ni siku ya Orville, twende karakana nikamchokoze.

Meza yake ilikuwa tupu. Watu watano walikuwa kwenye benchi na mashine zao mapajani. Verna Stroud wa namba kumi na tisa alikuwa ameikumbatia taa yake ya kusomea.

"Bwana wako yuko wapi?" akaniuliza.

"Si bwana wangu."

"Basi huyo asiye bwana wako kachelewa nusu saa. Wiki aliyomzika mkewe alikuja, tena mapema."

Orville hachelewi. Na kama hachelewi, basi yuko chini, sakafuni, bafuni pengine, na lile goti lake limekunjika vibaya. Yesenia ameshapita saa tatu. Hakuona kadi, ameweka alama kwamba namba ishirini na saba ni mzima, na hatapita tena hadi kesho. Na kadi ile nani kaiondoa? Mimi, kwa mkono wangu. Nimeizima ile kengele moja tu ambayo ingempigia mtu hodi.

Nilikwenda mbio, kama mbio za miaka sabini na minane zinaitwa mbio. Nikabisha. Kimya. Nikapiga simu yake, nikaisikia inalia ndani, inalia mpaka ikachoka. Nikazunguka nyuma, pazia limefungwa. Mlango wa gereji umefungwa na hauna dirisha. Nikaita jina lake kwenye tundu la barua hadi jirani wa mbele akachungulia.

Jambo la kufanya lilikuwa moja na kila mwenye akili analijua: nenda kwa Yesenia. Nikaanza kwenda. Nikafika nusu ya njia, nikasimama. Je, kama amelala tu? Kama ameacha simu na kwenda kwa daktari wa meno? Yesenia akifungua mlango, lazima aandike. Ikiandikwa ni ya tatu, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemvusha Orville barabara kwa mikono yangu. Nikarudi. Nikabisha tena, nikaweka sikio mlangoni. Nikaokota jiwe nivunje dirisha la jikoni, nikalishika kwa muda, nikaliweka chini taratibu kama yai, kwa kuwa dirisha lililovunjwa nalo huandikwa. Nikaanza tena kwenda ofisini. Nikarudi tena. Mara mbili nzima nilikwenda na kurudi, na kila nikirudi jua lilikuwa kali zaidi, na wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nimeyaficha maradhi ya mtu mwingine. Nilijichukia. Saa nne na robo nilikwenda moja kwa moja bila kusimama.

"Yesenia, mwanangu, chukua funguo. Ishirini na saba."

"Ishirini na saba hakuwa na kadi, Bi Bernadette. Nimepita mwenyewe."

"Niliitoa mimi."

Akaiweka kalamu chini. "Leo?"

"Kila siku. Tangu Machi."

Yesenia ana watoto watatu na mama mgonjwa, hana muda wa kumshangaa mtu. Alinitazama mara moja tu, akachukua funguo.

Nyumba ilikuwa tupu. Bafuni hamna mtu, chumbani kitanda kimetandikwa. Jikoni kiti kimoja kilikuwa kimevutwa kutoka mezani na kuelekezwa kwenye mlango wa mbele, na kando yake, juu ya kigoda, kikombe cha kahawa iliyopoa. Simu ilikuwa mezani. Yesenia akafungua mlango wa kuingilia gereji, akasema kigari hakipo.

"Kadi uliisukuma hapa?" akauliza, akionyesha sakafu chini ya mlango.

"Hapohapo."

"Mbona haipo?"

Jasho lilikuwa linanimiminika. Nikatia mkono kwenye mfuko wa kaptura kutafuta leso, vidole vikagusa plastiki. Nikaitoa. Jua la manjano likawa linanitazama kiganjani.

Nilikitazama kile kiti kilichogeuzwa, kisha nikaitazama friji. Sumaku ilikuwepo. Bahasha haikuwepo.

"Yuko korongoni," nikamwambia Yesenia. "Amenifuata mimi."

Tulikwenda na pikapu ya watunza bustani, Yesenia anaendesha na kuongea na gari la wagonjwa kwa wakati mmoja, mimi nimekumbatia madumu mawili ya maji. Kigari chake kilikuwa mwisho wa lami, kimeegeshwa vizuri kama kawaida yake. Kutoka pale ni kwa miguu. Niliziona alama zake mchangani, mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuta, na tundu la fimbo kando. Zilikwenda mbali kuliko nilivyodhani goti lile lingeweza. Nilizifuata nikilia kwa sauti, na sioni haya kulisema.

Alikuwa chini ya ule mti wa shina la kijani, ameegemea, kofia usoni. Mti wenyewe hauna majani ya kumfunika hata paka. Midomo ilikuwa imepasuka na ngozi ilikuwa kavu, haina jasho tena. Yesenia alimmwagia maji shingoni, mimi nikamshika mkono. Akafungua jicho moja.

"Posta," akasema, "umechelewa."

Hospitalini walimwekea dripu, wakasema nusu saa zaidi na tungekuwa tunaongea habari nyingine. Jioni aliweza kukaa. Nilikaa kwenye kiti pembeni, na kwa mara ya kwanza maishani sikuona pa kwenda.

"Ulinifuata wa nini?" nikamuuliza. "Mimi nilikuwa bwawani."

"Bwawani Alhamisi?"

Nikajifanya nanyoosha shuka lake.

"Kadi haikuja," akasema. "Masikio nilikuwa sijayavaa, sikusikia mtu. "Nikangoja hadi saa moja. Nikatoka kupitia gereji, mlango wa mbele sikuugusa, nikapita kwako, nikabisha, hamna mtu. Alhamisi saa moja wewe huwa unaunguza mayai. Nikajua hukurudi."

"Kwa hiyo ulikuwa macho."

"Mimi naamka saa kumi na moja tangu niko jeshini."

"Na kadi unaisahau nje kila siku?"

Akajishughulisha na mrija wa dripu, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Februari," akasema, "nilikuona alfajiri mlangoni kwa Verna. Unahangaika na ufunguo. Unauingiza, unautoa, unaukagua. Dakika kumi. Nilikuwa natafuta viatu nije, ukageuka mwenyewe ukaenda kwako."

"Sikumbuki."

"Najua hukumbuki. Kisha Machi nikachelewa siku moja kuitoa kadi, nikaiona inaingia yenyewe chini ya mlango, na viatu vyako vinaondoka. Nikasema, basi, hii ndiyo njia. Toka siku hiyo naiacha makusudi. Naketi na kahawa yangu, nangoja. Ikipita, najua Posta karudi salama, na bado anaujua mlango wangu. Ungechelewa ningeiingiza mwenyewe kabla ya saa tatu."

"Na zile mara mbili za mwanzo?"

"Dawa ya mafua. Nililala."

Nilikasirika. Ningependa kusema niliguswa, lakini kwanza nilikasirika hadi masikio yakawaka. Miezi mitatu nilikuwa namhurumia mtu ambaye alikuwa ananihurumia. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nyani mwenye begi la posta. Nilisimama nikaenda hadi dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Orville alinitazama tu, ananijua.

"Ungeniambia," nikasema.

"Wewe uliniambia mimi?"

Kesho yake Yesenia alinifuata nyumbani. Hakutaka kukaa.

"Bi Bernadette, kwenye ripoti nimeandika kila kitu isipokuwa habari ya kadi. Pale nimeacha wazi. Jumatatu Bwana Ladwig anawaita. Sitakusemea na sitakuficha. Amua wewe."

Siku tatu zile sikulala sawasawa. Nilitembea mpaka soli ya kiatu ikafunguka mdomo. Hesabu ilikuwa rahisi, na ndiyo maana ilikuwa mbaya. Nikinyamaza, habari inasomeka hivi: mzee wa miaka themanini na mbili, aliyekwishakutwa mara mbili, katoka peke yake jangwani mwezi wa Juni bila simu wala maji. Orville anavushwa, mimi nabaki na jiko langu na njia yangu ya korongo. Nikisema, nani anajua. Au najua. Usiku wa Jumapili nilipanga sahani zangu upya mara mbili, nikaziangalia moja moja.

Jumatatu asubuhi tulikaa mbele ya Bwana Ladwig, Orville na fimbo yake, mimi na mikono yangu mapajani. Bwana Ladwig si mtu mbaya. Ana sauti ya mtu anayembeleza mtoto anywe dawa.

"Bwana Tansey, hakuna anayekuadhibu. Tunafikiria usalama wako tu. Pale Bustani utakuwa na watu wa kukuangalia saa zote."

Orville aliitikia kwa kichwa polepole. Hakunitazama. Nilielewa kwamba hatasema. Angevushwa barabara kimyakimya na fimbo yake, asinitaje hata kwa jicho.

Nikaitoa kadi, nikaiweka mezani.

"Hii ilikuwa mfukoni mwangu," nikasema. "Niliitoa mlangoni kwake mimi, nikasahau kumpa. Kisha nikaenda bwawani siku ambayo si yake. Huyu alinitafuta kwa sababu alikuwa na haki ya kunitafuta. Akili zake ziko timamu kuliko za sote humu."

"Posta, nyamaza," Orville akasema.

"Miaka thelathini na mmoja sikupoteza hata barua moja. Hii nimeipoteza, lazima niseme."

Bwana Ladwig aliitazama kadi, kisha akanitazama mimi. Akauliza kwa upole kabisa, "Bi Bernadette, leo ni siku gani?"

Swali hilo nililitegemea. Ndiyo maana mkono wa kushoto nilikuwa nimeufunga tangu nyumbani. Ningeweza kuinama kidogo, nikachungulia, nikajibu, na maisha yangeendelea hadi safari nyingine, na safari nyingine huenda Orville asingeamka chini ya mti. Nikaufungua mkono, nikauweka mezani kando ya kadi. Kiganjani nilikuwa nimeandika kwa kalamu ya wino: Jumatatu. Wino ulikuwa umeanza kuyeyuka kwa jasho.

Orville alinifunga vidole, kimoja kimoja.

Nilihamia Ng'ambo mwezi wa Agosti. Colleen alikuja, akalia kuliko mimi, akagawa sufuria zangu. Chumba ni kizuri, nisiwe mnafiki. Mlango wa kwenda nje una tarakimu za kubonyeza na sisi hatupewi. Nikitaka kutembea natembea ukumbini, hatua mia na tisini kwenda na kurudi, na bado saa kumi na nusu miguu inaniamsha ikitaka korongo. Nakaa ukingoni mwa kitanda, nimevaa viatu. Kadi huku hakuna, kwa kuwa watu wanaingia wenyewe kukuangalia, usiku mara mbili.

Lakini saa kumi na mbili na dakika ishirini nasikia fimbo ukumbini. Hakuna anayemzuia, Yesenia ameshaongea na walinzi. Fimbo inasimama. Kunakuwa na kimya kirefu, maana kuinama kwa goti lile ni shughuli. Kisha kadi ya manjano inapita chini ya mlango wangu na fimbo inaondoka.

Kadi hiyo ni ileile ya mlangoni kwake, ana moja tu. Kwa hiyo jioni lazima imrudie, la sivyo hana cha kutundika, na Yesenia akipita hajui kama ni mzima au la. Tumepatana kwamba kuirudisha ni kazi yangu. Saa kumi na mbili jioni msaidizi ananivusha barabara, nafika namba ishirini na saba, namkabidhi mkononi, tunatukanana kidogo, narudi.

Hadi leo nimesahau mara mbili. Mara zote mbili alikuja mwenyewe kabla ya saa tatu usiku, akabisha, akasimama mlangoni na mkono ameunyoosha. Hakuniuliza kitu. Nikatia mkono mfukoni, kadi ikawepo, nikampa.